Kuhamia Mauritius mkiwa wawili na kazi ya mtandaoni: mwongozo wa mke na mume

Mwongozo huu ni wa mke na mume ambao angalau mmoja wao analipwa na kampuni au wateja wa nje kwa kazi ya kompyuta: kutengeneza programu, kutafsiri, kuhariri video, kutunza hesabu, kujibu simu za wateja. Kazi yenyewe haijali kama uko Tabata au Kilimani. Inachotaka ni umeme, intaneti na kichwa kilichotulia. Sasa mnataka kukaa mwaka mmoja nje. Watu wa namna hii siku hizi huitwa wahamaji wa kidijitali, ingawa ukiwatazama kwa karibu wengi ni wapangaji wa kawaida tu wanaobishana kuhusu bili ya umeme.

Nimeichukua Mauritius kwa sababu iko karibu, kama saa nne za ndege kutoka Nairobi, na saa zake zimetangulia zetu kwa saa moja tu. Pia viza yake ya wafanyakazi wa mbali ni kati ya chache ambazo mtu wa Afrika Mashariki mwenye kipato cha kawaida anaweza kuziomba bila kuazima taarifa ya benki ya mjomba.

Jambo moja litajirudia humu. Viza hizi humtambua mtu mmoja, mwenye kipato, na mwenzake huingia kwa mgongo wake. Mpangilio huo wa kwenye fomu una tabia ya kuhamia sebuleni: mmoja ndiye mwenye viza, mwenye kadi ya benki, mwenye meza na mwenye sababu ya kuwa pale, na mwingine anasubiri aitwe chakula. Kwa hiyo katika kila hatua jiulizeni kama kila mmoja ana njia yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Semeni yote kabla ya kununua tiketi

Anzeni na swali la nani anaacha nini. Mara nyingi mmoja ana kazi inayobebeka na mwingine ana kazi isiyobebeka: mwalimu, muuguzi, mwenye duka la vitenge Kariakoo. Huyu wa pili ndiye anayelipa gharama kubwa ya safari, na mara nyingi hakuna anayeihesabu. Kama ni mtumishi wa umma, aulize kwanza habari ya likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Kama ni biashara, nani atakaa dukani, na hesabu zitatumwa kila lini?

Akisema "nitatafuta la kufanya hukohuko", simameni hapo kwanza. Viza hii haimruhusu mtu kuingia kwenye soko la ajira la Mauritius. Hawezi kwenda kufundisha shule ya jirani wala kufungua saluni. Ama awe na kazi ya mtandaoni kabla ya kuondoka, ama awe na jambo lake linaloeleweka, kwa mfano masomo kwa njia ya mtandao au kulea mtoto kwa makubaliano ya wote wawili. Kama ni kazi ya mtandaoni, aanze nusu mwaka kabla, na mteja mmoja mdogo, wakati mshahara wa zamani bado unaingia. Kutafuta mteja wa kwanza ukiwa ugenini huku kodi ya nyumba inakusubiri kunachosha ndoa kuliko umaskini wa nyumbani.

Halafu zungumzeni kuhusu kurudi. Kubalianeni mapema kwamba mmoja akisema anataka kurudi, tiketi yake inanunuliwa bila kesi. Kitakachojadiliwa ni lini mwingine atafuata. Pesa ya tiketi hiyo, kwa kila mmoja, ikae kwenye akaunti yenye jina lake.

Hatua ya 2: Mkataba wa kazi

Mwajiri anaweza kukuruhusu kufanyia kazi nyumbani kwako Mbezi na akakukatalia kuifanyia Grand Baie, kule Mauritius. Ukiwa nchi nyingine anaanza kufikiria kodi, sheria za ajira za huko na usalama wa taarifa za wateja. Kuna wanaoondoka kimyakimya na kuficha mahali walipo kwa VPN. Mimi siwashauri: siku mfumo wa kampuni ukigundua, mnapoteza kipato na sharti la viza kwa pamoja.

Omba barua. Itaje cheo chako, malipo yako kwa dola, kwamba kazi unaifanya kwa mbali, na kwamba kampuni iko nje ya Mauritius. Barua hiyohiyo itakulinda kazini na itatumika uhamiaji. Wewe unayejitegemea huna mwajiri, basi kusanya mikataba, ankara na taarifa za benki zinazoonyesha malipo yakiingia mwezi hadi mwezi. Ankara bila malipo yanayoonekana benki haina nguvu. Kama wateja wako ni wa Marekani na uliwajazia W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni, kumbuka ina anwani yako ya makazi. Ukihama, uliza kama inabidi ujaze nyingine.

Angalia na saa. Kwa mteja wa London hakuna shida, yuko nyuma yako kwa saa tatu au nne kutegemea majira. Kwa mteja wa New York, kikao chake cha saa nane mchana ni saa nne usiku kwako katika kiangazi chao, na saa tano usiku katika baridi yao. Hapo asilale njaa mwenzako akikusubiri. Pangeni mlo mkuu uwe mchana.

Hatua ya 3: Linganisheni nchi, lakini msikae hapo sana

Viza za aina hii ni nyingi siku hizi na tofauti kubwa ni kipato. Ureno, tangu Oktoba 2022, inataka mara nne ya kima cha chini cha mshahara wake, yaani euro 3,480 kwa mwezi kwa hesabu ya 2025. Hispania inataka mara mbili ya kima chake cha chini kwa mwombaji, na asilimia 75 ya kima hicho juu yake kwa ajili ya mwenzi. Malaysia ina DE Rantau, ya 2022, inayoanzia dola 24,000 kwa mwaka kwa watu wa teknolojia. Thailand mwaka 2024 ilitoa viza ya miaka mitano inayoitwa DTV, siku 180 kwa kila unapoingia, na inataka uonyeshe akiba ya baht 500,000. Kenya nayo ilianzisha kibali chake mwaka huohuo, kwa ajili ya wageni wanaokuja kwetu.

Mauritius ilianzisha Premium Visa mwaka 2020, wakati janga la korona limefunga hoteli zake. Inatolewa kwa mwaka mmoja na inaweza kuhuishwa. Kipimo chake ni kipato cha angalau dola 1,500 kwa mwezi kwa mwombaji mkuu, na dola 500 zaidi kwa kila mtoto tegemezi aliye chini ya miaka 24. Dola 1,500 ni kipimo cha fomu. Msidhani ndiyo bajeti ya watu wawili, hasa mkitaka kukaa ufukweni.

Hatua ya 4: Karatasi

Hapa ndipo miezi inapotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Cheti cha ndoa kwanza. Watu wengi wamefunga ndoa msikitini, kanisani au kwa wazee, wakala pilau, wakapiga picha, na cheti chenyewe hakijawahi kufuatwa. Tanzania, fuatilieni RITA, wakala wa serikali wa usajili, mhakikishe ndoa imesajiliwa. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe. Na wale "wanaoishi tu": ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mke na mume wanaume na wanawake walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo. Dhana hiyo inasaidia mahakamani nyumbani. Afisa wa Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, anataka karatasi yenye muhuri. Kama hamna cheti na hamna mpango wa kukipata sasa, kila mmoja aombe viza kwa kipato chake.

Kisha majina. Cheti kinasema Mwanaidi Hamisi, pasipoti inasema Mwanahidi Khamis, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo pasipoti haina. Nyumbani hakuna anayeshtuka. Ugenini, herufi moja inaweza kusimamisha maombi. Wekeni nyaraka zote mezani, someni majina herufi kwa herufi, na mnachoweza kurekebisha rekebisheni sasa. Kisichorekebishika kiapieni kwa wakili.

Pasipoti ya kila mmoja iwe na muda wa kutosha kuvuka mwaka mzima wa kukaa na ziada ya miezi sita. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema kiombeni hata kama hakijatajwa. Nchi ya pili mkihamia itakitaka, na kukifuatilia ukiwa mbali ni kero, kwa kuwa alama za vidole haziendi kwa barua pepe.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka nchi yenye maambukizi, Kenya ikiwamo, na Mtanzania abebe yake asibishane na mtu uwanja wa ndege. Ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha yote, kwa hiyo ile ya zamani msiitupe.

Bima ya afya na ya safari inatakiwa kwenye maombi yenyewe. Isomeni sehemu ya visivyolipiwa, siyo ukurasa wa kwanza wenye picha ya familia inayocheka. Tafuteni mambo matatu: ugonjwa mliokuwa nao kabla, ujauzito na uzazi, na kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Bima nyingi za wasafiri hazilipii uzazi kabisa, au zina muda wa kungoja. Kama mnatarajia mtoto mwaka huo, jambo hilo ndilo liamue bima mtakayonunua, na pengine hata liamue kama mnaondoka.

Hatua ya 5: Maombi, na nani aombe

Angalieni kwanza kwenye tovuti ya serikali ya Mauritius kama nchi ya pasipoti yenu imo kwenye orodha ya wanaokubaliwa, kwa kuwa orodha hubadilika. Watanzania na Wakenya huingia kisiwani kwa ziara fupi bila viza ya kuomba mapema, na hapo ndipo wengine hujidanganya kwamba ruhusa ya mtalii inatosha. Mkitaka kukaa zaidi ya nusu mwaka mkiwa mnafanya kazi, fuateni njia yake.

Kama wote wawili mnafikisha kipimo cha dola 1,500, ushauri wangu ni kila mmoja aombe yake. Kazi ya kujaza ni mara mbili, lakini mmoja akipoteza mkataba katikati ya mwaka, mwenzake anabaki na miguu yake. Kama ni mmoja tu anayefikisha, huyo aombe na mwingine aingie kama mwenzi, na nakala zote za maombi ziwe kwenye barua pepe za wote wawili. Viza hii ilianzishwa bila ada ya serikali. Dalali akiwatajia ada, awaonyeshe ilipoandikwa kwenye tovuti rasmi.

Andaeni pia tiketi ya kurudi na mahali pa kufikia. Nyumba ya mwaka mzima msiilipie mkiwa nyumbani. Chukueni ya mwezi mmoja tu.

Hatua ya 6: Pesa na kodi

Ondokeni na kadi za benki mbili tofauti, moja kwa jina la kila mmoja, zisikae pochi moja. Halafu jaribuni: nunueni kitu kidogo kwenye duka la mtandaoni la nje, muone kama kadi inakubali na namba ya uthibitisho inafika wapi. Hapo utagundua kwamba maisha yako yote yameshikwa na laini ya simu. Benki inatuma namba kwenye laini ya nyumbani, pesa ya simu iko kwenye laini hiyo, hata barua pepe inaiuliza.

Kwa hiyo laini ya nyumbani isife. Washeni huduma ya kutumia laini nje kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa kuiwasha ukiwa nje wakati mwingine haiwezekani. Njia rahisi ni simu ya zamani, hata ile ya kubonyeza, ikae juu ya kabati imechomekwa chaji, laini ya nyumbani ndani yake, data imezimwa, salio lipo. Tumeni ujumbe mmoja kila mwezi ili ionekane inatumika, maana laini iliyolala miezi hufungwa na kuuzwa kwa mtu mwingine.

Pesa yenyewe igawanyeni mafungu matatu: ya mmoja, ya mwingine, na ya nyumba. Kodi, chakula, bima na umeme hutoka fungu la nyumba. Mafungu mengine mawili hayaulizwi. Hata kama ni mmoja tu anayeingiza pesa, fungu la mwenzake lijazwe tarehe ileile kila mwezi. Kuomba nauli ya basi kwa mume au mke wako, ugenini, kila siku, ni jambo dogo linalokua.

Sasa kodi. Mwaka wa kodi wa Mauritius unaanza tarehe 1 Julai, na anayekaa siku 183 ndani ya mwaka huo anahesabika mkazi wa kodi. Kwa wenye Premium Visa, kipato cha kazi ya mbali hutazamwa pale kinapoingizwa nchini. Pesa unayotumia kwa kadi ya benki ya nje haihesabiwi sawa na ile unayoihamishia kwenye akaunti ya benki ya huko. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti ya rupia na kumwaga mshahara wote humo, muulizeni mhasibu wa huko au mamlaka ya mapato yenyewe, MRA.

Na nyumbani hamjafutwa. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinamhesabu kuwa mkazi mtu mwenye makazi ya kudumu nchini ambaye amekuwapo kwa sehemu yoyote ya mwaka wa kodi. Umepangisha nyumba yako ya Kigamboni, ukaja Krismasi wiki mbili? Ongea na mtu wa kodi. Ritani zenu ziendelee kujazwa kila mwaka, na kila mmoja awe na nywila yake.

Hatua ya 7: Ndugu, michango na msiba

Kuna makundi ya WhatsApp ambayo hayakuachii kwa sababu umehama: kamati ya harusi, ukoo, kikoba, wahitimu wa shule. Ukishaonekana umepanda ndege, kiwango chako cha mchango hupanda na wewe. Wekeni kiasi cha mwezi cha michango ya pande zote mbili, upande wa mke na upande wa mume sawasawa, kikiisha kimeisha. Jibu liwe moja: "Mwezi huu tumeshatoa, Mungu akijalia mwezi ujao." Linajibiwa na yule ambaye ndugu ni wake. Mke asitumwe kumkatalia mama mkwe, wala mume asitumwe kwa shemeji.

Msiba unahitaji mpango wake. Kama familia ni ya Kiislamu, maziko ni leo au kesho. Kwa ndege iliyopo, mara nyingi mtafika watu wameshatoka makaburini. Zungumzeni mkiwa wazima: kwa mzazi, nani anaondoka hapohapo, nani anabaki na kazi, na anayebaki ataambia nini ukoo? Wazee wenyewe waambieni. Mwambieni mama, kwa heshima zote, kwamba likitokea jambo mnaweza msiwahi. Baadhi ya wazee hulipokea vizuri kuliko watoto wao.

Mali mliyoacha mpeni mtu mmoja madaraka kwa maandishi, hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, yenye mipaka: kukusanya kodi, kulipa fundi, kusaini mkataba wa mpangaji. Asipewe uwezo wa kuuza. Akiba ya uzeeni pia isilale. Kama mlikuwa NSSF kupitia mwajiri, ulizeni utaratibu wa kuchangia kwa hiari.

Hatua ya 8: Nyumba, meza mbili, na wiki za kwanza

Kisiwa ni kidogo lakini hali ya hewa inabadilika ndani ya mwendo wa saa moja. Grand Baie, kaskazini, ina fukwe, baa na wageni, na bei zake. Flic en Flac na Tamarin, magharibi, ni kukavu na jua lipo. Curepipe iko juu katikati, mvua na ukungu, na mtu wa Tanga akifika Julai atatafuta sweta. Mimi ningewaambia waliofika kwa mara ya kwanza waanze na Rose Hill au Quatre Bornes: ni miji ya wenyeji, soko liko karibu, na reli ya Metro Express inayokwenda kati ya Port Louis na Curepipe inapita hapo, kwa hiyo hamhitaji gari mara moja. Baharini mtaenda Jumamosi kama wanavyokwenda wao.

Kabla ya kusaini, nendeni kwenye nyumba jioni, saa mbili usiku, wakati jirani wote wapo mtandaoni. Faiba imefika karibu kisiwa chote, lakini ulizeni kama imefika kwenye nyumba hiyo. Unganeni na ruta iliyopo, pimeni kasi ya kupakia, kwa kuwa kikao cha video huanguka kwa kupakia zaidi ya kupakua. Kisha mmoja aende chumbani, mwingine abaki sebuleni, mpigiane simu ya video zote mbili kwa pamoja na watu wawili tofauti, milango imefungwa. Mkisikiana kila neno, nyumba hiyo si yenu.

Hapa sina mjadala: vyumba viwili, meza mbili, viti viwili vya maana. Nyumba ya chumba kimoja ni nafuu mpaka siku vikao vinapogongana na mmoja anajikuta anawasilisha ripoti akiwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Na anayehamishwa huwa ni yuleyule, mwenye kipato kidogo. Wekeni kalenda moja ya vikao ambayo wote mnaiona, na aliyeandika kwanza ndiye mwenye sebule.

Soketi nyingi ni zile za Kiingereza tulizozoea, na magari yanapita kushoto. Lugha ya mtaani ni Krioli, Kifaransa kinasomwa magazetini, Kiingereza kiko ofisini. Mkijua salamu tano za Krioli, bei ya sokoni inalainika. Chakula hakitawapiga chenga: kuna dholl puri, mkate mwembamba wa dengu unaouzwa barabarani na kufungwa kwa karatasi, kuna samaki, muhogo, na majani ya mlonge, wao wanayaita brède mouroum, yanayochemshwa mchuzi mwepesi. Misikiti, makanisa na mahekalu ya Kihindu yapo kila upande. Wa pwani watajikuta na undugu wa uchungu pia: mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kwa mwaka, na kisiwa hiki, wakati huo Île de France, ndicho kilichokuwa koloni la Wafaransa. Mlima wa Le Morne, walikojificha waliotoroka, upo kusini magharibi. Nendeni siku moja.

Kila mmoja awe na kitu chake nje ya nyumba ndani ya mwezi wa kwanza: kwaya, timu ya mpira, darsa, gym, darasa la Kifaransa. Mkifanya kila kitu pamoja, mtakuwa mmekaa saa ishirini na nne na mtu mmoja ambaye zamani mlikuwa mnaonana jioni tu.

Hatua ya 9: Vimbunga

Msimu wa vimbunga huanza Novemba na kuisha katikati ya Mei. Idara ya hali ya hewa hutoa tahadhari za daraja la kwanza hadi la nne. Daraja la tatu maana yake mna saa chache kabla ya upepo wa kilomita 120 kwa saa, na hapo watu wanatakiwa wawe ndani. Msidharau. Januari 2024, kimbunga Belal kilipopita, maji yalifurika Port Louis na kubeba magari barabarani.

Kwa kazi, ujumbe kwa wateja uwe umeshaandikwa, unangoja kubonyezwa daraja la kwanza linapotangazwa: kwamba umeme unaweza kukatika siku mbili tatu, na kazi ya wiki utaiwasilisha mapema. Chajini pawabenki na kompyuta, jazeni ndoo maji, nunueni vifurushi vya data vya mitandao miwili tofauti, kila simu mtandao wake. Mwelezeni pia mzazi mmoja nyumbani kwamba mtapotea hewani, la sivyo picha za mafuriko zitamfikia kabla yenu.

Hatua ya 10: Kuhuisha au kuondoka

Miezi mitatu kabla viza haijaisha, kaeni tena, na safari hii aanze kuzungumza yule aliyeacha zaidi. Mkibaki, vipimo vya kipato na bima vitaangaliwa upya, kwa hiyo taarifa za benki ziwe safi. Mkiondoka, someni mkataba wa nyumba kujua notisi ni ya muda gani, pigeni picha kila chumba kabla ya kukabidhi funguo ili pesa ya dhamana irudi, fungeni akaunti ya umeme na intaneti kwa maandishi, na ulizeni MRA kama mna ritani ya kujaza.

Barua za viza, risiti za kodi ya nyumba na za bima kila mmoja aweke nakala zake. Ubalozi wa nchi ya pili utauliza mlikaa wapi mwaka uliopita na kwa karatasi gani, na utamuuliza kila mtu peke yake.